Mtoto Asiyeshikwa na Kizunguzungu

"Mbona huyu haanguki?"

Mama Bryan aliniuliza hivyo akiwa mlangoni, deli la chapati mkononi. Nilikuwa na digrii ya malezi na makuzi ya watoto, tena nimeipigia pasi bahasha yake isikunjike, lakini jibu sikuwa nalo. Mbele yetu, katika chumba kimoja cha ploti moja, jengo la vyumba vya kupanga, huko Pipeline, Nairobi, watoto walikuwa wametapakaa sakafuni, wengine chali, wengine kifudifudi, wakicheka huku macho yakiwaenda mbio. Walikuwa wamejizungusha mpaka dunia ikawaponyoka. Katikati yao alisimama Simiyu, mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa amezunguka kuliko wote. Hakuyumba, hakucheka. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja kama mtu aliyefika penye ajali na hajui aanze na nani.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya kulea watoto wa watu katika vyumba vya Eastlands. Wengi wenu ni wasichana, na wavulana wachache mliojitosa, karibuni, mtachekwa kidogo kisha watu watazoea. Wengine hustaafu wakiwa na mvi. Mimi nimestaafu na nywele zangu zote nyeusi, kwa sababu mgongo wa mlezi huzeeka kabla ya mwenyewe. Msiniamini kwa kuwa nimewatangulia. Mimi sikumwamini mtu yeyote, wala mhadhiri wangu, wala Mama Zainabu aliyeniajiri, na wakati mwingine ilinisaidia.

Mama Zainabu ndiye aliyekuwa mwenye deikea, hicho chumba cha kulelea watoto mchana. Alizaliwa na kukulia Eastleigh, akaolewa huku, akafiwa, akaanza kulea watoto wa majirani waliokuwa wakienda viwandani. Siku niliyoomba kazi aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwa.

"Umesoma nini?"

"Malezi ya watoto wadogo. Nina digrii."

"Basi, Digrii, shika huyu. Amejinyea."

Jina likaganda. Mpaka wazazi wakawa wananiita Digrii, na watoto wakaona ndilo jina nililopewa na mamangu.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya pili, na mnaoijua Pipeline mnajua maana yake. Majengo yamebanana kiasi kwamba ukinyoosha mkono dirishani unaweza kuanua nguo za jirani. Jua halifiki. Taa huwaka mchana kutwa, na stima ikipotea, saa sita ya mchana inakuwa giza la ndani ya chungu. Saruji ya sakafu ilikuwa baridi, kwa hiyo Mama Zainabu alikuwa amenunua paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupakilia mizigo, kwa madereva wa malori wa viwandani, akayapanga ukuta hadi ukuta na kutandika zulia juu. Ukitembea pale, chumba kizima kilijua.

Kila mlezi ana namna yake ya kuita watoto. Wako wanaopiga makofi, wako wanaopiga kelele mpaka shingo ikasimama mishipa. Mama Zainabu hakupaza sauti hata siku moja. Kulikuwa na wachanga waliolala pembeni, na jirani wetu alifungulia redio tangu alfajiri kana kwamba analipwa na kituo. Kwa hiyo aligonga paleti kwa mwiko. Pigo moja zito lilimaanisha kaeni. Kugonga kwa haraka kulimaanisha njooni mnywe uji. Watoto wote waligeuka, hata waliokuwa wametupa mgongo. Niliipenda njia ile. Niliona ni ya busara, na ilikuwa ya busara. Ndiyo iliyotuficha jambo.

Lakini ngoja kwanza niwaambie kuhusu kuzunguka, kwa sababu mtaiona kila siku na kila mzazi atawaambia muizuie.

Watoto wadogo hupenda michezo inayoutikisa mwili. Hupenda kurushwa juu na kudakwa, kuning'inia, kuruka kutoka kitandani, kubanwa katikati ya magodoro mawili kama nyama ndani ya mkate. Na hupenda kuzunguka kuliko vyote, kwa kuwa hakuhitaji mtu wala kitu. Chuoni nilifundishwa kwamba mtoto anaupima mwili wake, anajifunza uko wapi na unaishia wapi. Mama Zainabu alisema kichwa cha mtoto bado hakijakaa vizuri na kinatafuta pa kukaa. Nilimwuliza mhadhiri, mbona basi wakubwa huacha ilhali na sisi hatujui miili yetu iko wapi? Akasema swali zuri, akaendelea na somo. Nilimwuliza Mama Zainabu, akasema, "Digrii, nepi."

Basi nilijaribu mwenyewe. Nilizunguka pale kwenye zulia watoto wakinishangilia, nikaangukia beseni la nepi zilizoloweshwa. Kwa hiyo pokeeni ushauri wa mtu aliyelowa. Wasizunguke baada ya uji. Wavue viatu. Ondoa kila chenye pembe. Anayezunguka usimshike mkono ghafla, utamtegua bega. Muache aanguke, lakini uwe umemchagulia pa kuangukia.

Na waangalieni nyuso. Wazazi husikia kicheko wakadhani mtoto anacheka akizunguka. Hapana. Kicheko huja baada ya kuanguka. Wakati wanazunguka, nyuso zao hutulia kabisa, midomo wazi kidogo, macho hayaoni kitu, kama watu wanaosikiliza jambo linalosemwa mbali sana. Chumba kizima cha watoto wenye nyuso hizo, wakizunguka bila sauti chini ya taa moja. Mara ya kwanza nilisisimka mwili. Mara ya mia nilisisimka pia.

Wenyewe waliuita mchezo huo kufa. Hakuna aliyewafundisha. "Tucheze kufa," wanasema, wanazunguka, wanaanguka, wanacheka. "Umekufa." "Na wewe umekufa." Mtakutana na mabaya zaidi ya hayo kinywani mwa mtoto wa miaka minne, msishtuke.

Simiyu aliletwa na mama yake, Nafula, mwanamke mrefu mkimya kutoka Bungoma aliyekuwa akifanya kazi ya kupakia sabuni kiwandani. Waliishi ploti hiyo hiyo, ghorofa ya juu kabisa. "Bado haongei," alituambia, "lakini anaelewa. Ukimwonyesha kitu, anaelewa." Katika kazi hii wanaochelewa kuongea ni wengi, hasa wa familia zenye lugha mbili tatu nyumbani. Hata hivyo nilimpima, kwa kuwa sikuwa mtu wa kuambiwa. Nilimgeuza atazame ukuta, nikamfanyia Mama Zainabu ishara, akagonga mwiko. Simiyu aligeuka kabla ya wote.

"Anasikia kuliko mimi," nikasema.

Mambo yakaenda hivyo. Mtoto mtulivu, msafi, anayekula bila vita. Ila tulipofika kwenye kufa. Alizunguka haraka, mikono wazi, wenzake wakaanza kudondoka kama maembe, na yeye akaendelea mpaka akabaki peke yake. Kisha akasimama. Akasimama papo hapo, kama feni iliyodakwa kwa mkono, na kutembea moja kwa moja hadi kwenye kikombe chake cha maji. Nilijaribu kumzungusha mwenyewe, nikamweka chini. Akaniangalia akisubiri. Mimi ndiye niliyeshika ukuta.

Halafu stima ikapotea.

Ilikuwa mchana. Watoto walipiga yowe la kawaida la gizani, lile la nusu woga nusu furaha. Nikawasha tochi ya simu. Wote walikuwa wamekaa au wamesimama pale walipokuwa, isipokuwa Simiyu. Yeye alikuwa amelala kifudifudi, vidole amevipenyeza chini ya ukingo wa zulia na kukamata mbao za paleti, amekaza mwili wote kama mtu aliye ukingoni mwa paa. Macho yalikuwa wazi na makavu. Hakutoa sauti. Taa iliporudi aliinuka, akakung'uta magoti, akaendelea na kikombe chake.

Mama Zainabu alikuwa ameona. Midomo yake ilikuwa ikisoma dua taratibu.

"Ni nini?" nikamwuliza.

"Sijui. Nikisema najua nitakuwa mwongo."

"Unasomea nini basi?"

"Kwa sababu sijui."

Iliendelea hivyo. Mwangani haanguki, gizani hasimami. Nilijiambia ni woga wa giza tu, kisha nikajiuliza ni woga gani huo usio na kilio, na usioisha hata ukimshika. Nilimshika mara moja gizani. Alinining'inia shingoni kana kwamba mimi na yeye tunaanguka pamoja, mahali parefu.

Mama Bryan, aliyekuwa akiuza chapati chini ya ploti, ndiye aliyeanza kusema kwa sauti. Simlaumu. Bryan wake, miaka minne, alikuwa na mazoea ya kusimulia siku yake akioga.

"Unajua ananiambia nini kila jioni?" aliniuliza, siku ile ile aliyoniuliza lile swali la kwanza. "Ananiambia, 'Mami, sisi wote tunakufa. Simiyu hafi.' Kila jioni, Digrii. Nikiwa nimeshika sabuni."

"Ni mchezo tu, Mama Bryan."

"Najua ni mchezo. Na mimi nimecheza. Sasa niambie, uliona wapi mtoto asiyeshikwa na kizunguzungu? Hata mlevi wa miaka mingi hushikwa."

"Kila mwili na namna yake."

"Hiyo si jibu. Hiyo ni kunitoa mlangoni."

Alikuwa na haki. Kabla ya wiki kuisha wazazi kadhaa walikuwa wamesimama katika korido yetu, wakinong'ona kwa ile sauti ambayo kila mtu anaisikia. Mmoja alisema amewahi kumwona mtoto wa hivyo na nyumba yao haikukaa salama. Mwingine alisema hataki maneno mengi, anataka kujua tu kama Simiyu atakuwapo Jumatatu, kwa sababu akiwapo, wake hatakuwapo. Mama Zainabu aliwasikiliza wote. Wangeondoka, deikea ingefungwa. Aliwaambia hatamfukuza mtoto kwa kosa la kutoanguka.

Nafula alikuwa nyuma yao, ametoka kazini, ovaroli bado mwilini. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alipita katikati yao, wakampisha, akamchukua Simiyu na mfuko wake.

"Usiwagombanishe watu kwa ajili yangu, Mama Zainabu," akasema. "Sitaki mtoto wangu aangaliwe hivi."

Nilimfuata hadi kwenye ngazi. "Utamwacha na nani?"

"Jumamosi nampeleka Bungoma kwa nyanya yake. Kuna wazee wa maombi huko, watamwangalia. Akipona atarudi."

"Akipona nini?"

Alimhamishia mtoto begani.

"Na kabla ya Jumamosi?"

"Kuna chakula. Kuna maji. Nitafunga mlango." Kisha akaongeza, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa, "Nitaacha taa ikiwa imewaka."

Kama hamjafanya kazi huku mtasema ni mama gani huyo. Mama anayekosa kazini siku mbili hupata mwingine amesimama mahali pake. Milango mingi ya Pipeline ina mtoto nyuma yake mchana. Mtajifunza kuisikia.

Siku iliyofuata, asubuhi imesogea, nilikuwa nikigawa uji. Stima ikapotea. Watoto wakapiga yowe lao. Nilibaki na sufuria mkononi, na Mama Zainabu, gizani, akasema neno moja tu.

"Nenda."

Nilipanda ngazi nikiwa na tochi ya simu, nikipita korido baada ya korido, milango ya chuma imefungwa pande zote, harufu ya mafuta ya taa na ya nguo mbichi. Hapakuwa na sauti. Redio zote zilikuwa zimekufa na stima. Mlango wa Nafula ulikuwa na kufuli nje. Pembeni yake palikuwa na dirisha la pekee la chumba, dogo, la vyuma, linaloangalia koridoni, pazia limefungwa nusu. Nikamulika ndani.

Alikuwa chini, kwenye saruji tupu, kifudifudi, miguu upande wangu, mikono ameitandaza. Uso ulielekea ukuta wa mbali.

"Simiyu."

Hakutikisika.

"Simiyu. Ni mimi. Ni Digrii."

Nikaita kwa nguvu. Nikapiga vyuma vya dirisha kwa kiganja. Nikapiga yowe, mimi niliyeisifu njia ya mwiko isiyo na yowe. Milango ikaanza kufunguka nyuma yangu, watu wakatoka mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alianza kuomba kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimemwita mtoto yule kwa sauti ya kuamsha ploti nzima, naye amelala vilevile, na nikajua amekufa. Nilianza kufikiria nitamwambiaje mama yake.

Nilihamishia simu mkono wa pili, mwanga ukapanda ukutani mbele yake. Kichwa chake kikainuka. Taratibu sana, bila kuachia sakafu, akaufuata mwanga kwa macho, kutoka ukutani hadi darini, kutoka darini hadi dirishani, mpaka akanitazama.

Kisha nikafanya jambo ambalo watu wa korido ile hawakulielewa, na mwanamke mmoja akanisonya. Nilimulika ukuta wa mbali mpaka akaugeukia, kisha nikazima tochi. Nikamwita jina lake gizani, kwa sauti yangu yote. Nikawasha. Alikuwa vilevile, macho yakiutafuta mwanga ulipokuwa, si sauti ilipotoka. Nikazima tena, nikaita, nikawasha. Vilevile.

Ndani mle hapakuwa na paleti.

Siku zote hizi nilikuwa nimemwona mtoto yule akigeuka kabla ya wenzake wote, na sasa nilijua alikuwa akigeuka kwa nyayo. Mwiko aliusikia kwa miguu. Jina lake mwenyewe hakuwahi kulisikia.

Kufuli lilikuwa gumu na ufunguo ulikuwa kiwandani. Jirani mmoja alimpigia Nafula simu. Mimi nilipenyeza mkono kwenye vyuma nikashika tochi imwelekee chini, mbele yake, ili aone sakafu. Aliponiona sitoki, alijiinua akakaa. Chaji ilipoanza kuisha nilisikia pumzi za mtu aliyepanda ngazi mbio. Mama Bryan alinyoosha simu yake, tochi imewashwa. Alibaki hapo nami mpaka Nafula akaja, akibadilisha mkono kila mmoja ulipochoka.

Hospitalini walimpima masikio kwa mashine. Hakusikia chochote, hata kidogo. Nafula alisema aliwahi kuugua homa kali akiwa mchanga, shingo ikakaza, akalazwa, akaambiwa amepona. Alikuwa amefurahi sana kupona kwake hata hakuuliza la pili. Kwenda Bungoma kukafutwa, lakini Simiyu hakuwa na pa kukaa kama wazazi wangekataa, kwa hiyo niliwaeleza katika korido ile ile.

Mama Bryan alinisikiliza hadi mwisho. "Sawa, hasikii. Hiyo nimeelewa, na nimeona kwa macho. Lakini masikio na miguu vinahusiana wapi? Babu yangu alikuwa kiziwi na alikuwa anaanguka kila siku."

"Huyo alikuwa anaangushwa na pombe ya busaa," Mama Zainabu akasema, na hata Nafula akacheka.

Lakini hakuna aliyelijibu swali. Mimi nililizunguka kwa maneno ya chuo mpaka Mama Bryan akanihurumia. "Wacha, Digrii. Hujui. Mtoto arudi tu, Bryan anamwulizia." Mzazi mmoja alimtoa wake. Wengine walibaki.

Tangu siku hiyo tuliweka taa ya sola iliyowaka mchana kutwa, na tukajifunza ishara chache tulizozibuni wenyewe, nyingine za aibu kidogo. Na ninyi fanyeni hivi. Mkipima usikivu wa mtoto, mbebeni. Miguu isiguse kitu. Kisha mwingine amwite kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida, bila kukanyaga, bila kugonga, kivuli chake kisionekane. Ni rahisi. Kungenigharimu dakika moja.

Simiyu alikaa kwetu hadi alipopata nafasi katika shule ya bweni ya watoto viziwi. Mpaka siku ya mwisho alicheza kufa na wenzake, akazunguka, akabaki amesimama. Sikuzoea.

Nilimtembelea huko miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaacha kazi. Alikuwa kijana mrefu kama mama yake, anacheza mpira, na jua lilipoanza kuzama alijiondoa uwanjani mapema bila kuambiwa, akaja kukaa karibu na taa. Nilimwuliza mwalimu wake swali la Mama Bryan. Hakushangaa. Aliniambia ndani kabisa ya sikio, nyuma ya sehemu inayosikia, mna mifereji midogo yenye majimaji, na ni majimaji hayo yanayomwambia mtu kwamba amegeuka, ameinama, anaanguka. Mtoto anayezunguka anayakoroga, na hucheka kwa sababu ameacha kuzunguka na yenyewe bado yanazunguka. Homa ile iliua vyote viwili, kusikia na hayo. Simiyu hajui juu ni wapi ila kwa macho, na gizani hana juu.

"Basi alikuwa akitafuta nini?" nikamwuliza. "Kama hakuhisi chochote, mbona alizunguka kuliko wote?"

Mwalimu akamgeukia, akamwuliza kwa mikono. Simiyu alifikiri, akajibu kwa kirefu, akitabasamu kama mtu anayesimulia ujinga wake wa utotoni. Mwalimu alianza kucheka naye, kisha akaacha.

"Anasema alidhani wenzake walikuwa wakianguka makusudi," akaniambia, "na alikuwa akizunguka kila siku akingoja mtu amwonyeshe ni wakati gani wa kuanguka."